Maswali ya Ndege: Mliokaa Ndani, Tokeni Polepole

Barua za safari hii karibu zote ni za watu wa namna moja. Walikuwa wakitazama ndege, wakafungiwa nyumbani na ugonjwa, ulezi, kazi au msiba, na sasa wanataka kutoka tena. Nimefurahi. Furaha imepungua kidogo niliposoma kwamba wengi wenu mmeshaagiza vifaa kabla hata ya kufungua dirisha.

Nilimuuguza mama miaka minne bila kutoka. Mwaka jana alifariki. Zamani nikiwajua ndege wote wa mtaani kwa sauti, sasa nasikia kelele tu. Nianzie wapi? – Msomaji, Tanga

Pole sana, Bi. Mungu amrehemu mama.

Anzia barazani. Sikio likikaa bila kazi husahau, lakini hurudi, na hurudi kwa ndege mmoja mmoja. Chukua wale wasiokosekana uani: shore anayeanza kabla jua halijatoka, hua na wimbo wake wa kurudiarudia, chozi kwenye ua la mgomba, na dudumizi ambaye sauti yake huteremka kama maji yanayomiminwa kutoka chupa ya shingo nyembamba. Keti na hao wanne kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, siku kwa siku, mpaka uwazoee kiasi cha kutowasikia. Hapo sauti ya tano itakugeuza shingo wewe mwenyewe, bila kuitafuta. Anayemjua shore barabara hana haja ya kuhangaika na wageni. Asiye shore hujitambulisha.

Msitu wa Amani, kule Usambara, uko karibu nawe na najua utakuvuta. Usiende mwezi wa kwanza. Watu wakirudi hupenda kurudi kwa kishindo: wanakodi gari, wanapanda Usambara, wanajikuta chini ya miti mirefu yenye ndege kileleni na ukungu katikati, sauti zote ngeni, na jioni wanateremka wakiamini kwamba mambo haya yamewapita. Nenda ukishaweza kukaa nusu saa uani kwako na kumtaja kila unayemsikia.

Nunua daftari la shule. Tarehe, mahali, hali ya hewa, ndege, alikuwa akifanya nini. Hilo la mwisho ndilo mnaloliruka nyote.

Ninunue darubini gani? – Wengi mno

8x42, yaani ya kukuza mara 8, yenye lenzi za mbele za milimita 42. Nimejibu hili mpaka kalamu imechoka. Ya kukuza mara 10 hutetemeka mkononi, na mkono uliopumzika muda mrefu hutetemeka zaidi. Zile za barabarani zilizoandikwa kwamba zinakuza mara mia zinakuza bei tu.

Ila kabla ya kutoa pesa, itoe ile ya zamani kabatini. Ielekeze kwenye mwanga (si kwenye jua!) uchungulie kupitia upande wa lenzi kubwa. Ukiona nyuzinyuzi zimetambaa ndani, hiyo ni kuvu. Huku pwani darubini iliyofungiwa kwenye mfuko wake wa ngozi huota kuvu bila kuuliza. Mpelekee fundi wa kamera. Usiifungue mwenyewe kwa bisibisi, ukishazisogeza zile prizimu utaona ndege wawili kila mahali. Ikirudi salama, itunze kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Nimeona ndege mdogo wa kahawia. Ni ndege gani? – Bila jina, bila mahali

Ni ndege mdogo wa kahawia.

Kenya ina aina zaidi ya 1,000 za ndege, Tanzania vilevile, na wadogo wa kahawia ndio wanaotoa jasho hata kwa waliozeekea kazi hii. Niambie ukubwa wake ukimlinganisha na shomoro au njiwa. Mdomo mnene wa kuvunja mbegu, au mwembamba wa kuokota wadudu? Alikuwa chini, kichakani, au juu ya waya? Mkia aliutikisa? Wapi, saa ngapi, mwezi gani? Rangi iache mwisho, maana mwanga hudanganya. Na picha ya kivuli cheusi mbele ya jua usinitumie tena, nimekuomba.

Nilipokuwa nimelazwa nilipakua programu yenye sauti za ndege. Naweza kuzicheza msituni ili wajitokeze? Wapo waongozaji wanaofanya hivyo. – Kijana, Kilifi

Hapana, mwanangu.

Ndege dume akisikia sauti ya dume wa aina yake ndani ya himaya yake, hajui kwamba ni simu. Kwake huyo ni mvamizi. Anaacha kula, anakiacha kiota, anazunguka kumtafuta adui asiyekuwepo, na muda wote huo anaonekana wazi kwa mwewe. Utaniambia ni mara moja tu. Ni mara moja kwako. Kichaka kinachojulikana huchezewa na kila kundi linalopita, kutwa, msimu mzima, na mara nyingi msimu wenyewe ni wa kutaga.

Na wewe uko Kilifi! Una Arabuko-Sokoke mlangoni, kilomita za mraba zipatazo 420 za msitu wa pwani, na ndani yake bundi mdogo wa Sokoke ambaye hazidi shubiri moja kwa urefu. Sayansi ilimpa jina mwaka 1966 tu. Nje ya Kilifi, pa kumtafuta ni chini ya milima ya Usambara Mashariki. Waongozaji wazuri wa hapo humtafuta mchana, kwa miguu. Wanaijua ile sehemu ya udongo mwekundu yenye miti ya Cynometra, wanaingia kimya, wanapekua tawi kwa tawi mpaka wamkute amelala, mara nyingi wawili wamebanana. Ujuzi huo ndio wa kulipia. Kubonyeza kitufe hata mjukuu wangu anaweza, naye hajaanza shule.

Fikiria pia mnana wa Clarke, ambaye duniani kote anaishi Kilifi peke yake. Alielezwa kisayansi mwaka 1913. Viota vyake havikujulikana mpaka 2013, vilipoonekana kwenye kinamasi cha msimu huko Dakatcha. Miaka 100! Kama wewe una haraka ya kumwona kabla ya chakula cha mchana, tafuta burudani nyingine.

Programu yako itumie nyumbani jioni. Sikiliza, linganisha na ulichosikia asubuhi, andika. Msituni iwe mfukoni. Na ikikutajia jina kwa kusikiliza sauti, lichukue hilo jina kama uvumi wa sokoni: huenda ni kweli, lakini usiape.

Nilifika hori ya Mida, kule Kilifi, mwezi wa Juni baada ya miaka mingi. Tope tupu. Ndege wamekwisha? – Nairobi

Wako Siberia wanataga.

Njoo kati ya Oktoba na Machi, na uulize maji kabla ya kuuliza basi. Ukifika yamekupwa, vitwitwi watakuwa mbali huko kwenye tope, nukta tu. Fika yanapoanza kujaa, uketi karibu na mikoko, maji yawasukume kuja kwako. Juni hubaki wachache, wengi wao wachanga ambao bado hawajafikia umri wa kutaga.

Nimerudi Ziwa Nakuru na goti jipya. Heroe niliowaacha hawapo, na hata sauti za vichakani zimepungua. Ni dunia imeharibika au ni mimi? – Mstaafu, Nakuru

Ni vyote viwili, Mzee wangu, na nitavitenganisha.

Heroe, au flamingo mnavyowaita huko, hula mwani unaositawi kwenye maji ya magadi makali. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 ziwa limepanda, likameza migunga ya ukingoni na hata lango kuu la hifadhi, magadi yakazimuliwa na mwani ukapungua. Heroe wakafuata chakula. Wengi utawakuta Bogoria. Hawakufa, wamehama, na wanaweza kurudi. Wa kuwalilia ni tumbusi. Hao wamepungua kwelikweli, na sababu kubwa ni sumu: mfugaji anapaka mzoga dawa ili amuue simba au fisi aliyekula ng'ombe wake, tumbusi wanatua kundi zima, hanyanyuki hata mmoja. Dawa yenyewe huuzwa dukani kama ya mazao. Anayewauzia anajua.

Sasa wewe. Masikio yakizeeka hupoteza sauti nyembamba kwanza. Vichakani hamjanyamaza. Nenda na kijana, umwulize anasikia nini. Kama anawataja usiowasikia, basi una jibu, na pengine una sababu ya kumwona daktari wa masikio.

Na goti lisikusumbue. Kutazama ndege kwa kukaa ni bora kuliko kwa kutembea, nimesema hivyo miaka yote na vijana hawanisikii. Beba kiti chako, omba ruhusa, ukakae kwenye mabwawa ya majitaka ya mji wako. Usikunje pua. Mabwawa ya majitaka ya Nakuru yanajulikana na watazamaji wa ndege wa mbali kuliko hoteli zenu: bata, vitwitwi, mbayuwayu, vyote mbele ya macho, hakuna kupanda kilima.

Orodha yangu ya ndege nilioona ilikuwa aina 340 kabla sijaacha. Majina ya kisayansi yamebadilika, aina nyingine zimegawanywa. Nihesabu upya? – Arusha

Ukiwa na tarehe na mahali kwa kila mmoja, hesabu upendavyo. Ukiwa huna, hiyo ni majigambo yenye namba.

Majirani wanataka tukate mwembe kwa sababu bundi analala humo, wanasema alileta ugonjwa nyumbani kwetu. – Mombasa

Bundi hakujua kama unaumwa. Alikuja kwa ajili ya panya walioko jikoni kwa hao majirani. Waambie hivyo kwa upole kuliko nilivyoandika. Na kama kuna anayetega sumu ya panya, aache: panya aliyeila hulegea, bundi humkamata kirahisi, na sumu humhamia. Mitego ya kubana inatosha.

Mimi ni mwanamke, natoka peke yangu asubuhi baada ya likizo ndefu ya uzazi. Askari alinisimamisha kwa sababu ya darubini. Nifanyeje? – Nairobi

Hongera kwa mtoto.

Usiinue darubini karibu na kambi, ikulu, uwanja wa ndege, daraja au kituo cha umeme, hata kama juu ya uzio ametua ndege wa ndoto zako. Askari hana wajibu wa kuamini kwamba ulikuwa ukimtazama mdiria. Ukisimamishwa, salimia kwanza, onyesha kitabu cha ndege na daftari (daftari tena, mnaona), umwachie aitazame darubini mwenyewe. Nimewaona wakiingiwa na tamaa ya kutazama.

Njiani usiivae shingoni. Iweke kwenye kikapu cha sokoni mpaka ufike. Na usiende peke yako kwa miezi ya kwanza. Nature Kenya, chama cha wapenda viumbe na mazingira, wana matembezi ya Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Taifa. Fleur Ng'weno aliyaanzisha mwaka 1971 na vizazi vimejifunza humo. Mtoto mbebe mgongoni, akilia ndege watarudi, hawana kinyongo.

Ukiona kiota, usikipige picha ukaiweka mtandaoni na jina la mahali. Hili si kwako tu.

Ni Mzanzibari, nipo Muscat. Tangu nihamie nimejifungia kwa sababu ya joto. Huku kuna la kuona zaidi ya kunguru? – Muscat

Kunguru hao ni walewale wa Bara Hindi tulio nao sisi. Unguja waliletwa miaka ya 1890, leo wameujaza mwambao mzima, wanakula mayai na makinda ya wengine. Mwaka 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuwaua milioni moja. Naunga mkono, kwa sharti moja: wanaotumwa wafundishwe kumtofautisha na kunguru wetu wa asili, mwenye kifua na kola nyeupe pe. Wa Bara Hindi kola yake ni ya kijivu. Nimeona watoto wakimpopoa asiye na hatia.

Kuhusu joto, utoke kati ya Novemba na Februari, na kiangazi utoke alfajiri tu. Na ukipata usafiri, nenda Barr al Hikman, mkabala na kisiwa cha Masirah, ambako mamia ya maelfu ya ndege wa tope hukaa msimu wa baridi. Mtafute mmoja mweupe na mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene mweusi, mlaji wa kaa (Waingereza humwita crab plover). Huyo hutaga kwenye pwani na visiwa vya upande huo wa Uarabuni, kwenye mashimo anayoyachimba mchangani, kwa kawaida yai moja. Wengine wao hushuka mpaka Mida. Ukimwona, niandikie tarehe.

Naomba namba ya simu ya mwongozaji wa Arabuko-Sokoke. – Thika

Sitoi namba za watu. Panda gari la Malindi, shuka Gede, uende ofisi ya msitu saa kumi na mbili na nusu asubuhi uulize. Beba maji ya kutosha, na usivae shati jeupe.