Bahasha yako ina namba. Jumuiya wanakujua?

Kwa miaka sita nilijihesabu msharika mwaminifu. Ibada ya kwanza sikosi. Bahasha yangu ya ahadi ina namba, na kwenye daftari la mhazini hakuna mwezi wangu uliobaki mtupu. Nikitoka kanisani naenda moja kwa moja Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, kuangalia mzigo wangu wa dagaa.

Kwenye benchi langu alikuwa akikaa mama mmoja mjane. Kila Jumapili tunapeana mikono: "Bwana asifiwe, mama." "Amina, mwanangu." Jumapili moja hakuja. Ya pili hakuja. Nikadhani kaenda kwao Ukerewe. Jumapili ya tano mzee wa kanisa akatangaza kwamba mama amelazwa hospitali ya Bugando, amefanyiwa upasuaji, na jumuiya yake, yaani washarika wenzake wa mtaani, inamshukuru Mungu kwa sababu anaendelea vizuri.

Jioni ile nilikwenda wodini. Nikakuta jumuiya wamepangiana zamu: huyu analeta uji wa asubuhi, yule anafua kanga, na kijana wa kwaya ndiye aliyetoa damu. Mama akanitazama, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hivi wewe ni mama nani?"

Sikulala usiku ule. Miaka sita benchi moja, na mimi pia jina lake nilikuwa nimelisikia siku ile kwenye matangazo.

Ndugu yangu, anzia jumuiya. Yetu hukutana Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, nyumba kwa nyumba, huko juu kwenye mawe ya Igogo. Mnaketi mkekani, mnasoma neno, mnatoa sadaka kidogo, halafu ndipo unasikia yasiyotangazwa kanisani: nani anaumwa, mtoto wa nani karudishwa nyumbani kutoka shule, nani hajaonekana wiki mbili. Najua saa hiyo ndiyo mitumbwi inaingia na dagaa wa usiku. Mimi pia mwanzoni nilikuwa naenda mara moja kwa mwezi. Nenda hiyo hiyo moja, ila wajue unapoishi.

Kuhusu utoaji, nawasemea wenzangu wa mwaloni. Pesa yetu inafuata mwezi. Giza likiwepo, taa zinavuta dagaa na mfukoni kuna kitu. Mbalamwezi ikitoka, mitumbwi inapumzika na sisi tunakula akiba. Nawafahamu wanaoacha ibada kipindi cha mbalamwezi kwa aibu ya kwenda mikono mitupu. Usifanye hivyo, nakusihi. Tenga ya Bwana siku ileile unayouza, iweke kwenye kibubu chake kabla hujalipa deni lolote. Na ikiisha, njoo hivyo hivyo. Mungu hajawahi kumfukuza mtu mlangoni kwa sababu hana bahasha.

Ukihama, chukua barua ya uhamisho. Ni jambo dogo, lakini wengi wanaishi Buhongwa na majina yao bado yako Sengerema, na siku ya msiba familia ndiyo inayohangaika.

Gumu zaidi kwangu lilikuwa ugomvi. Mwaka mmoja nilimshuku mzee mmoja juu ya michango ya jengo, nikaanza kusema sokoni. Nilikuwa tayari kuhama kanisa. Mama yule yule ndiye aliyenisomea Mathayo 18: mwendee ndugu yako, wewe na yeye peke yenu. Nilikwenda natetemeka. Mzee alinifungulia stakabadhi zote alizokuwa nazo. Mbili hazikuwepo, naye akakiri kwamba alizipoteza, akaenda mwenyewe kueleza kwenye kikao. Nami ikabidi nirudi sokoni, kwa mtu mmoja mmoja niliyemwambia, nifute maneno yangu. Hilo lilinichukua wiki nzima, na liliniuma kuliko kutoa fungu la kumi.

Jumamosi hii jumuiya iko kwangu. Mikeka nimeshaazima kwa jirani. Mama amesema atawahi, aje na chupa ya chai, maana anajua mkaa wangu huchelewa kushika.