Ukodi nahodha au uende mwenyewe? Ushauri kwa wenye kayaki na mashua ndogo Lamu

Upepo wa kusi ukishakatika na bahari ikaanza kutulia, huulizwa swali hilo hilo na wageni wanaoshuka Lamu na kayaki zao, na hata na vijana wetu wa Nairobi wanaokodi mashua ndogo pale Shela: kuna haja ya nahodha, ilhali chombo nakimudu? Na wengi wanakimudu kweli, kasia wanalijua na tanga wanalijua. Lakini mimi huwauliza jambo jingine: unakwenda wapi, na leo mwezi ngapi, yaani siku ya ngapi tangu mwezi uandame?

Kati ya gati ya Lamu mjini na Shela, ndani ya mlango wa bahari, huhitaji mtu. Toka Shela maji yakijaa, yatakusukuma hadi mjini; kunywa chai yako, subiri yaanze kupwa, yatakurudisha. Vaa jaketi la kuokolea, kaa pembeni maana maboti ya injini yanapita kwa kasi, basi. Ukipatwa na lolote kuna watu kila upande. Usitupe pesa yako hapo.

Mambo hubadilika ukitaka kuingia vijito vya mikoko. Chukua Takwa, yale magofu ya kisiwa cha Manda, ya mji uliohamwa tangu karne ya 17. Njia yake ya maji ni kijito, na kijito hicho kinapitika maji yakiwa yamejaa tu. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji ya huku hujaa mwendo wa saa kumi, alfajiri na alasiri, na saa nne asubuhi yamepwa kabisa. Tofauti ya kina inakaribia mita 3. Kwa hiyo mgeni anayestaftahi polepole akatoka saa tatu siku ya mwezi kumi na tano, anakuta matope. Na anayeingia alasiri akajisahau kwenye magofu, anapwelewa: chombo kimelala kwenye tope, giza limeingia, mbu wamejaa, na maji mengine ni alfajiri. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi, ndiyo maana baada ya wiki moja, wakati wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, hujaa asubuhi badala ya alasiri. Hesabu hii unaweza kuifanya mwenyewe. Usiyoweza kuijua kwa hesabu ni sura ya kijito chenyewe, wapi fungu la mchanga limehamia, mkono upi wa kijito unaishia kwenye mikoko.

Niliwahi kuingia huko na mzee mmoja wa Matondoni, na mpaka leo naona hiyo ndiyo pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote baharini. Alikaa tezi, nyuma ya chombo, mkononi ana upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, injini kaizima. Kila baada ya kitambo aliuchomeka upondo chini, akausikiliza kwa kiganja. Ukizama taratibu ni tope, twende. Ukigota ni mchanga mgumu, akageuza. Kisha akanionyesha shina la mkoko: juu kidogo ya maji kulikuwa na mstari mbichi, upana wa vidole viwili. “Yameshaanza kutoka, mwanangu,” akasema. Mimi nilikuwa natazama saa, na saa yangu ilisema bado. Tuligeuza pale pale, wala sikumbishia.

Nje ya mlango, kupita Ras Kitau, ile rasi ya Manda, kuelekea bahari kuu, ni habari nyingine kabisa. Kuanzia Aprili hadi Septemba kusi inavuma kuingia, na maji yakipwa yanatoka kwa nguvu kukabiliana nayo. Hapo mawimbi huwa mafupi na wima, yanavunjika juu ya chombo kidogo. Kwa wakati huo jibu langu si kukodi nahodha. Jibu langu ni usiende. Kaskazi ikikaa vizuri, nenda na mwenyeji.

Sasa nahodha yupi? Hapa ndipo watu wanapotapeliwa, na jambo hili linaniuma kwa sababu manahodha wazuri tunao wengi. Anayekuuzia safari ufukweni mara nyingi siye atakayeshika usukani. Mwambie unataka kumwona atakayeshika. Ukimpata, mwamkie, kaa naye, muulize maji yatajaa saa ngapi kesho. Mwenye kazi yake atakujibu hapo hapo bila kutoa simu. Tena yeye mwenyewe atakuuliza: unajua kuogelea? Mko wangapi? Kuna watoto? Asiyeuliza kitu ila bei, muage kwa adabu. Tazama kama boti ina leseni ya KMA, mamlaka ya serikali ya usafiri wa baharini, hesabu majaketi na watu, hakikisha kuna kasia hata kama injini ni mpya. Bei mkubaliane ya safari nzima, petroli na muda wa kusubiri vikiwemo.

Na akikwambia leo hapana, usimwongezee pesa. Mimi humpa kitu cha kahawa na kumuuliza lini yatafaa.

Kama nia yako ni kwenda peke yako baadaye, mwambie mapema. Wengi hufurahi kufundisha. Kaa tezi karibu naye, si omo, kule mbele, na kamera. Muulize anatazama nini kila anapogeuza: mnara upi, mti upi, rangi gani ya maji. Andika usiku ule ule kabla hujasahau. Safari ya pili leta kayaki yako, yeye akufuate nyuma bila kusema neno mpaka ukosee. Ukitoka salama, kijito hicho unakijua kwa msimu huo. Msimu ujao muulize tena, mafungu huhama.

Kisiwa cha Kiwayu ni mbali, ni ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga, na habari za usalama upande ule hubadilika, kwa hiyo uliza kwanza kwa wenyeji na kwa serikali. Huko mimi naenda na nahodha kila mara, na humkodi siku mbili kabla ili awe na nafasi ya kuchagua siku.