Mdogo wangu alimpigia kura Trump, nikamfungia mlango

Wiki iliyopita nimepata ujumbe kutoka kwa binti mmoja anayeishi Columbus, Ohio. Ameanza na shikamoo, akaniulizia watoto, halafu akamwaga yaliyo moyoni. Yeye na mumewe hawajakaa meza moja kwa raha tangu uchaguzi wa 2024. Mume ni wa Trump wa chama cha Republican, yeye alikuwa wa Kamala Harris wa Democrat. Taarifa ya habari ikianza, mmoja lazima atoke sebuleni. Ananiuliza, "Dada, wewe uliwezaje na yule kaka yako?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza yule si kaka, ni mdogo wangu wa kufuatana. Nimembeba mgongoni kule Lushoto, mama akiwa shambani. Na sikuweza. Nilishindwa karibu mwaka mzima, na ni bora nikueleze nilivyoshindwa kabla sijakushauri lolote.

Mimi ni mliberali na sijawahi kuficha. Nilipochukua uraia mwaka 2019 nilikariri maswali yote 100 ya mtihani, ingawa wakati ule anayekusaili alikuuliza 10 tu, ukipata 6 umefaulu. Nilitaka niijue nchi hii kuliko waliozaliwa humu. Kwa miaka 12 nimefanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani hapa Virginia. Nimemwona bibi wa miaka 81 akikata vidonge vyake vya presha kwa kisu cha siagi, nusu leo, nusu kesho, ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Alikuwa anapanga vile vinusu kwenye kisosi, vikimeguka vibaya anakusanya unga kwa kidole na kulamba. Baada ya hapo hakuna mtu atakayenishawishi kwamba afya ni biashara kama biashara nyingine.

Mdogo wangu anaendesha lori. Siku nzima yuko barabarani na redio yake, na mwaka 2024 alikuwa na mambo mawili mdomoni: bei ya dizeli na bei ya mayai. Kanisani kwao nako wanasali sana juu ya utoaji mimba. Nilikuwa naona anakoelekea, nikajidanganya kwamba damu itashinda.

Usiku wa Novemba 5, 2024 walikuwa kwangu wote, yeye, wifi yangu na mtoto. Nilipika pilau. Tukakaa mbele ya ramani, yale majimbo saba yanayoamua yakienda moja moja upande usio wangu. Usiku wa manane Pennsylvania ilipotangazwa nikaanza kulia. Naye akasema, taratibu kabisa, "Dada, na mimi nilimpigia."

Nilimkumbusha maneno machafu ambayo Trump aliripotiwa kuyasema Januari 2018 kuhusu nchi za Afrika. Akajibu kwamba mwenyewe aliyakana. Nikamuuliza kama hana haya, mtoto wa mwanamke wa jembe, kuwasaliti watu wa rangi yake. Nilisema zaidi ya hapo, mengine siyaandiki. Mwisho nikamtolea koti lake kabatini. Wifi yangu alitoka na mtoto amelala begani, kiatu kimoja kimebaki kwangu. Pale mlangoni mdogo wangu alisema neno ambalo mpaka leo linaniuma: "Wewe unawapenda watu wa kwenye televisheni kuliko mimi."

Trump alipata kura 312 za wajumbe wanaomchagua rais, Harris 226. Mimi nilipoteza ndugu.

Thanksgiving, sikukuu ya shukrani, ikapita. Krismasi ikapita. Siku za kuzaliwa za watoto, kimya. Mama alikuwa anatupigia kila mmoja kwa wakati wake, na hakutuhubiria hata siku moja. Alichofanya ni hiki: Septemba 2025 kuna mama wa Korogwe alikuwa anakuja huku, mama akampa kanga moja aniletee. Doti nzima, haijakatwa, na kikaratasi kimebanwa kwa pini ukingoni, majina mawili, langu na la wifi. Mnajua maana yake. Kanga ni vipande viwili, na mkasi alikuwa amenikabidhi mimi.

Niliikata, nikapinda pindo zote mbili kwa cherehani. Cha kwake kikakaa kwenye kiti cha nyuma cha gari wiki tatu.

Nilipokwenda ilikuwa Oktoba. Serikali ilikuwa imefungwa tangu tarehe 1 kwa kukosa bajeti, na mume wangu, mtumishi wa serikali kuu, alikuwa nyumbani bila mshahara. Niliamua nitamkabidhi wifi kanga mlangoni nigeuke. Lakini yeye akanivuta ndani kwa mkono, na mdogo wangu alikuwa mezani anaangalia barua. Hakuinua uso. Akasema, "Dada, wewe unajua mambo ya bima. Hebu nisomee hii."

Ile barua ilikuwa ya bima yao ya afya. Anajinunulia mwenyewe kwenye soko la bima la jimbo, kwa kuwa lori ni lake na hana mwajiri. Mwaka ule alikuwa analipa dola 168 kwa mwezi. Kuanzia Januari, dola 391. Alikuwa amezungushia ile namba kwa kalamu mara nyingi hadi karatasi imetoboka.

Nikamweleza. Sheria ya kwanza ya bima hii ni ya Obama, ya 2010. Mwaka 2021 Wademokrat wakaongeza ruzuku ili ada zipungue, 2022 wakairefusha, lakini mwisho wake ukawekwa Desemba 31, 2025. Na hicho ndicho kilichokuwa kinagombaniwa Seneti wakati huohuo: Wademokrat walikuwa wanakataa kupitisha bajeti mpaka ruzuku irefushwe, na Warepublikan walikuwa wanataka serikali ifunguliwe kwanza. Nilieleza hivyo hivyo, bila kutaja jina la Trump. Nilikuwa nalo mdomoni, nikalimeza.

Alikaa kimya, kisha akasema, "Kwa hiyo shemeji hapati mshahara kwa sababu ya hii barua yangu?" Nikamwambia kwa kiasi fulani, ndiyo. Tukaongea saa mbili. Miezi kumi na moja tulikuwa tunagombana juu ya mtu asiyejua hata kama tupo, na karatasi inayotuhusu ilikuwa mezani kwake na nyingine kama hiyo mezani kwangu.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Columbus, ushauri wangu ni huo. Anza na karatasi iliyo mezani. Zima televisheni, toa bili, mwambie mumeo, "Hii tunaifanyaje?" Bili ya bima, ya shule, ya daktari. Siasa za nchi hii ukizianza na jina la mtu mtagombana. Ukizianza na bili yenu wenyewe, mko upande mmoja wa meza kabla hamjafungua mdomo. Halafu usimuulize alimpigia nani wala atampigia nani. Weka karatasi mezani.

Wapo watakaosema mimi nimelegea, kwamba mliberali wa kweli hakai na mtu aliyeweka sahihi kwa haya tunayoyaona. Nimesikia hayo kutoka kwa marafiki zangu wa karibu. Nawauliza: ukimfungia mlango, nani atamsomea barua? Redio ya kwenye lori. Tuache kujisifu kwa idadi ya watu tuliowafuta kwenye simu. Mtu hakubadilisha mawazo kwa kutukanwa, hata siku moja, na kama kuna aliyebadilika kwa njia hiyo nioneshwe. Nyumba ya mtu ndiyo jimbo lake la kwanza la uchaguzi.

Na tusingoje uchaguzi wa rais tu. Sisi Virginia tunachagua gavana mwaka unaofuata ule wa rais, na vuli ile nilibisha hodi mlango kwa mlango hapa Woodbridge baada ya zamu zangu, miguu imevimba, nikimpigia kampeni Abigail Spanberger. Novemba 4, 2025 alishinda kwa tofauti ya takriban asilimia 15, mwanamke wa kwanza kuwa gavana wa jimbo hili, na Wademokrat wakachukua viti 64 kati ya 100 katika baraza la wawakilishi la jimbo. Siku ile ile New York ilimchagua Zohran Mamdani, mtoto aliyezaliwa Kampala, kuwa meya. Nilitembea kazini kesho yake kama niliyebeba kombe la ushindi. Mdogo wangu alipiga kura mapema. Alimpigia nani sikumuuliza, na hajaniambia.

Ninyi Ohio mna kazi Novemba 3, 2026. Kuna gavana, kuna kiti cha Seneti alichokiacha JD Vance alipokwenda kuwa makamu wa rais, na viti vyote 435 vya Baraza la Wawakilishi vinagombewa nchi nzima. Daftari la wapigakura kwenu linafungwa siku 30 kabla, msisubiri Oktoba. Na hili nalisema kwa herufi kubwa za moyo: kama bado una grinikadi, yaani kibali cha ukaazi, hujawa raia, usiguse karatasi ya kura hata ukibembelezwa na nani. Ni kosa linaloweza kukurudisha nyumbani. Wenye uraia ndio wawapigie na wenzao wasioweza.

Sisemi kwamba yamekwisha. Lile neno la mlangoni bado linanichoma, na najua langu linamchoma yeye. Ruzuku haikurefushwa, serikali ilifunguliwa baada ya siku 43, mume wangu akalipwa malimbikizo yake, na mdogo wangu sasa analipa hizo dola 391. Kiatu cha mtoto nilikirudisha, hakimtoshi tena.

Halafu Desemba 16, 2025 likatoka tangazo la Ikulu la kuongeza nchi zinazowekewa vizuizi vya kuingia Marekani, na safari hii Tanzania imo: viza za matembezi na za wanafunzi zimesitishwa kuanzia Januari 1, 2026. Mama alikuwa aje Mei kwenye mahafali ya mwanangu wa kwanza. Alikuwa ameshapiga picha za pasipoti.

Mdogo wangu alikuja kwangu jioni ile bila kupiga simu. Akakaa jikoni, akasema atamwambia mama mwenyewe. Akaweka simu mezani, sauti nje. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwani mimi nimewakosea nini hao watu?" Mdogo wangu akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Akaniangalia.

Nilikuwa na sentensi yangu tayari tangu Novemba 2024. Nikainuka, nikachukua birika, nikamwongezea chai, nikamjibu mama kwamba tutamrushia mahafali yote kwa simu, avae ile suti yake ya kijani.