Wasomaji Wauliza: Jiwe la Pangoni na Sumaku ya Dunia

SWALI: Mhariri, salaam. Katika pango moja la huku kwetu niliokota kipande cha jiwe la chokaa kilichokatika. Kina urefu wa kiganja na ndani kina mistari kama gogo la mti. Nasikia mawe hayo yanatunza kumbukumbu ya sumaku ya dunia. Jiwe jeupe linatunzaje sumaku, na hiki changu kinapimika?
Msomaji, Kipatimu, Kilwa

JIBU: Chuma kimo, ila ni kidogo mno. Maji ya mvua yakipenya kwenye udongo wa juu ya pango hubeba chembe za magnetiti na hematiti, madini ya chuma yenye sumaku, zisizoonekana kwa macho. Tone likidondoka huacha utando mwembamba wa maji juu ya stalagmiti, ule mchongoko unaoota kutoka sakafuni kwenda juu. Ndani ya utando huo chembe hujipanga kama sindano za dira, kisha chokaa huganda na kuzifunga papo hapo. Tope la ziwani halina sifa hiyo: minyoo hulichimbua, na chembe huweza kugeuka muda mrefu baada ya kutua.

Jiwe hilo pia hutaja umri wake lenyewe. Urani, metali ambayo hubadilika polepole (huitwa kuoza) na kuzaa metali nyingine iitwayo thori, huyeyuka kwenye maji lakini thori ni nadra kuyeyuka, kwa hiyo tabaka jipya huanza likiwa karibu halina thori kabisa. Kadiri urani inavyooza, thori huongezeka, na uwiano wao hutoa umri hadi kama miaka 500,000. Tope la pangoni likichanganyika na chokaa huingiza thori yake, na jiwe huonekana la zamani kuliko lilivyo. Kinachoudhi ni kwamba tope hilo hilo ndilo linaloleta chembe za sumaku! Jiwe safi sana lina umri mzuri na sumaku hafifu, jiwe chafu kinyume chake, hivyo wapimaji hutafuta la wastani.

Tuje kwenye kipande chako. Umri utapimika. Matabaka yakionyesha upi ulikuwa upande wa juu, hata mwinamo wa sumaku, yaani pembe ambayo sindano huinama au kuinuka kutoka usawa wa ardhi, utakadirika. Kaskazini ndiyo imepotea, maana hakuna ajuaye jiwe lilielekea wapi kabla ya kukatika. Ndiyo sababu kazi hii huanza kwa kalamu kabla ya msumeno: mstari wa kaskazini huchorwa jiwe likiwa bado limesimama, mwinamo wa mhimili wake huandikwa na picha hupigwa. Simu ikae mbali na dira, kwani spika yake ina sumaku.

Maabara hukata vipande vya mchemraba wa sentimita 2 kwa msumeno wa almasi unaopozwa kwa maji. Hukata katikati ya kilele, mahali palipo tambarare, kwa kuwa pembeni chembe huviringika kwenye mteremko na kutoa mwinamo wa uongo. Stalagmiti nyingi hukua milimita 0.01 hadi 0.1 kwa mwaka, kwa hiyo mchemraba mmoja hubeba miaka 200 hadi 2,000. Ukikata vyembamba zaidi utaona mabadiliko ya haraka, lakini sumaku hupungua hadi ihitaji kipimo kinachopozwa kwa heli ya kimiminika, nyuzi 269 chini ya sifuri.

SWALI: Mawe hayo yameshaonyesha nini cha maana?
Msomaji, Masasi

JIBU: Stalagmiti moja ya Missouri, Marekani, ilinasa tukio la Laschamp la takriban miaka 41,000 iliyopita, pale sumaku ya dunia ilipodhoofika mno, ikayumba, kisha ikarudi. Nyingine ya kusini-magharibi mwa China ilionyesha mwelekeo ukihama ghafla kiasi cha miaka 98,000 iliyopita, kwa muda wa karibu karne moja na nusu. Mgeuko kamili wa mwisho, pale ncha za kaskazini na kusini za sumaku zilipobadilishana, una takriban miaka 780,000, na saa ya urani na thori haifiki huko.

Kwa huku kusini kuna kipimo chepesi cha kukagua kazi. Tuko kusini mwa ikweta ya sumaku, mstari ambako sindano hulala sawa bila kuinama, kwa hiyo sindano iliyoachwa huru Lindi au Mtwara huinua ncha yake ya kaskazini zaidi ya nyuzi 30. Tabaka changa la jiwe la Kilwa likionyesha ncha hiyo ikiinama chini, shuku kwanza kwamba kipande kilipinduliwa mezani.

SWALI: Nafundisha sekondari. Naweza kukata stalagmiti ndogo kwa ajili ya darasa?
Mwalimu, Lindi

JIBU: Hapana, mwalimu. Hata iliyokua upesi, ya sentimita 10, ina miaka 1,000, na utafiti wa namna hiyo unahitaji kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania) na cha wasimamizi wa eneo. Tumia plasta ya jasi. Funga sumaku ya spika mbovu kwenye mfuko wa plastiki, iburute mchangani, kisha vua mfuko ili chembe nyeusi zidondoke. Changanya kijiko kimoja cha chembe hizo kwenye kikombe cha plasta nyepesi, weka sumaku kando, kama sentimita 5, na usiiguse mpaka plasta igande. Plasta ikiwa nzito, chembe hazitageuka. Sumaku ikigusa kikombe, zote zitakimbilia upande mmoja. Plasta ikiganda, ondoa sumaku, sogeza bonge karibu na dira na ulizungushe taratibu uone kama sindano inasogea.