Napoli siku 3: tutakula nini, tutembee wapi?

SWALI: Shikamoo dada. Mwezi wa 10 mimi na mume wangu tunaenda Italia mara ya kwanza, tutakaa Napoli siku 3. Sisi Waislamu, na kila ninayemuuliza ananiambia kule kitimoto kila kona, mtarudi mmekonda. Ni kweli? Halafu Pompeii tunaweza kwenda wenyewe au mpaka kampuni ya watalii?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Huyo aliyekutisha nadhani Napoli kaiona kwenye simu tu. Ule mji wa bahari bwana, samaki kibao, kuna alici fritte, visamaki vya kukaanga vinavyofanana na dagaa, na kuna hadi supu ya pweza yenye pilipili manga, chakula cha mtaani cha tangu zamani maeneo ya Porta Capuana, nyie wa Tanga mbona mtafurahi wenyewe.

Kitimoto kipo, ila shida yake kinajificha. Pizza margherita ni nyanya, chizi na majani ya mrihani, na kama hata chizi inakutia wasiwasi agiza marinara, hiyo ni nyanya, kitunguu swaumu na oregano basi. Ya kukwepa ni pizza fritta, ile ya kukaanga, maana mara nyingi ndani wanaweka cicoli, mabaki ya mafuta ya nguruwe. Ragù ya Kinapoli, mchuzi wa nyama, nayo nguruwe huchanganywa humo. Taralli, vile vibiskuti vya duara vya pilipili manga, vinakandwa na mafuta ya nguruwe, sfogliatella, kitafunwa kitamu kile cha tabaka tabaka, pia, na keki ya babà inalowekwa kwenye ramu, kwa hiyo usidanganywe na sura. Uliza tu "c'è maiale?" (kuna nguruwe?) na "c'è strutto?" (kuna mafuta ya nguruwe?), hawakasiriki. Mkitaka nyama nendeni mitaa ya Piazza Garibaldi karibu na stesheni kuu, wahamiaji wana mabucha na vibanda vya halali.

Mkikaa mezani mtaona kwenye bili kitu kinaitwa coperto, hiyo ni hela ya kukalia kiti kwa kila kichwa, sio wizi. Kahawa kunyweni mmesimama kaunta kama wenyeji, bei inashuka.

Pompeii nendeni wenyewe. Treni ya Circumvesuviana pandieni hapo Garibaldi, shukeni Pompei Scavi – Villa dei Misteri, geti liko palepale (pochi mbele jamani, treni inajaa). Tiketi nunueni mapema mtandaoni, siku hizi inaandikwa jina lako na watu wana kikomo, 20,000 kwa siku, kwa hiyo pasi za kusafiria mkononi. Viatu vya raba, yale mawe hayana huruma. Ila mimi ningekuwa na nusu siku tu ningeenda Ercolano, ni padogo, hapachoshi, na volkano ileile iliyoifukia Pompeii mwaka 79 pale iliacha hadi mbao za nyumba.

Mjini tembeeni mtaa wa Spaccanapoli kwa miguu, halafu kanisa dogo la Cappella Sansevero mkaone sanamu ya Yesu aliyoichonga Sanmartino 1753, shela lililochongwa kwenye marumaru mpaka unataka kulifunua. Picha marufuku, tiketi zinaisha haraka, na Jumanne wanafunga, makumbusho ya akiolojia nayo Jumanne hivyohivyo, basi siku hiyo ndiyo iwe ya Pompeii.

Teksi kutoka uwanja wa ndege mwambieni dereva "tariffa predeterminata" (nauli iliyopangwa) kabla hajawasha gari.