Muulize Shangazi: Mashineni, mnadani na daftari la shukrani

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi msomaji wako tangu niko Mbagala, saivi niko kijijini wilaya ya Bahi, mume wangu ni mwalimu wa msingi alipangiwa huku mwaka jana nami nikamfuata. Sina shida na mume wala mawifi, shida yangu ni siku zenyewe. Yaani ni mizunguko tu, leo mashine kusaga, kesho maji, keshokutwa kwa wakala kutoa hela, mara moja moja mnadani, na kote huko ni kwa mguu kwenye vumbi. Kanisani wanatuambia tushukuru kwa kila jambo, nikaona na kwenye simu watu wanasema kila usiku uandike kitu unachoshukuru, nikanunua daftari nikaanza. Siku ya nne nikasoma nyuma nikakuta nimeandika "nimeamka mzima" mara nne. Nikacheka, halafu nikalia. Sina shukrani mimi, au ni upweke tu?
Mke wa mwalimu, Bahi

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole na vumbi, la huko nalijua linaingia mpaka kwenye chumvi. Upweke upo, tutaufikia. Ila shukrani unazo, unazitafuta saa mbaya tu. Mchana kutwa unapita kwenye vitu vidogo huku unawaza kufika, usiku unakaa na kalamu unatafuta kikubwa cha kumwambia Mungu, matokeo yake unaandika uzima. Uzima ni kweli tunaushukuru lakini hauna sura, hauwezi kukufanya ucheke peke yako jikoni.

Ngoja nikupe cha kwangu. Mi nimekulia Mpwapwa, mama alikuwa ananituma mashine na mahindi na ile safari nilikuwa naichukia kuliko fimbo. Sasa mwezi wa saba, mnaoijua Dodoma mnajua baridi yake, upepo unakata masikio, na unga ukitoka mashineni unatoka wa moto. Nilikuwa nachomeka mkono ndani ya ndoo mpaka kwenye kiwiko, jamaa wa mashine ananifokea, halafu najitwika, kata ya kanga kichwani, ule moto unapita kitako cha ndoo unafika utosini, unashuka shingoni taratibu kama mtu kakuwekea kiganja. Basi nilikuwa natembea kwa kujivuta makusudi ili niendelee kuwa nao. Mama alikuwa anadhani nachezea njiani, na mpaka anafariki sikuwahi kumwambia.

Kitu cha namna hiyo ndo cha kuandika. Usiandike "nashukuru kwa chakula", andika "unga ulikuwa wa moto". Na siku isiyokuwa na kitu acha ukurasa mweupe ulale, hakuna anayekuja kusahihisha.

Turudi kwenye upweke. Nyie wa Dar salamu yenu ni mambo, poa, mtu keshapita. Kwa Wagogo, wenyeji wa huko Dodoma, haiendi hivyo, ukishasema mbukwenyi umefungua mazungumzo, utaulizwa za nyumbani, za watoto, za mwalimu, mvua, na wewe unatakiwa uulize za kwao na za ng'ombe wao, na nina wasiwasi unaitikia huku unatembea na ndoo yako. Simama mwanangu. Na kwenye foleni ya mashine simu weka kwenye kanga huko, kaa na wale kina mama waulize mlenda wanaukaushaje, maana ndo mboga inayowavusha kiangazi chote mpaka mvua za Desemba, ukitiwa karanga ukaliwa na ugali wa uwele utasahau tembele la Mbagala. Mmoja atakwambia njoo kesho nikuonyeshe, na hapo tayari una kwa kwenda pasipo na ndoo. Na ubuyu! Wewe unaujua ule mwekundu wa kwenye vipakiti, huku unaokota buyu unalipasua kwenye jiwe, unakuta ubuyu mweupe una vumbi lake kama unga, unatoka kwa wakala unamung'unya mmoja mmoja unatema kokwa, unashtukia uko mlangoni kwako.

Mnadani nenda hata ukiwa na buku mbili, na umwambie mwalimu siku ikiangukia hana vipindi mwende wote. Msinunue kwanza. Zungukeni, muangalie wazee wanavyobishana bei ya mbuzi, mmoja anaondoka kwa hasira hatua kumi halafu anarudi, muone samaki waliotoka bwawa la Mtera, mkae mnywe chai. Mi mnadani lazima nirudi na kitu ambacho sikutumwa, hata karanga za jero, mume wangu anasema ni ubadhirifu lakini anazila.

Maji sasa, hapo nisikudanganye. Dumu la lita 20 kichwani mwendo wa saa zima sio baraka na mtu asikwambie ushukuru. Kama bomba limekufa, mkutano mkuu wa kijiji kwa sheria unatakiwa ufanyike angalau kila miezi mitatu, na wewe ni mkazi, nenda unyooshe mkono. Tena ukiwa umeshasimama kusalimiana na wale mama wa mashine utakuta hunyooshi peke yako.

SWALI: Shangazi habari, niko Kibaigwa ni mkulima wa mahindi na alizeti. Mke wangu nikimtuma gulioni kitu cha nusu saa anakaa mpaka saa kumi jioni, nikimuuliza anasema alikuwa "anapumua". Kupumua gani huko? Mbona nyumbani hewa ipo? Nimkataze?
Baba Wawili, Kongwa

JIBU: Nzuri baba. Kabla sijakujibu, wewe pale kijiweni kwenye bao unakaa saa ngapi, na unapumua nini? Usimkataze. Mwanamke aliyeamka saa kumi na moja akafagia, akachota, akapika, akakuandalia na jembe, gulio ndo kijiwe chake, anaonana na dada zake, anasikia nani kajifungua na bei ya mafuta ya alizeti imefika wapi, na hiyo bei usijifanye huihitaji maana wewe ndo unayeuza. Kama kweli unabisha, Jumamosi hii mbakishe yeye nyumbani. Nenda wewe gulioni na kikapu, ununue nyanya, dagaa, sabuni ya kipande na kibiriti, usalimie wote wanaomuulizia, halafu uniandikie ulirudi saa ngapi na ulisahau nini.