Breka Ikikata, Usikimbilie Kuweka Kubwa

Juzi dada mmoja wa Musoma kaniandikia. Kanunua karavani iliyotumika, ile nyumba ya kuvutwa na gari, anataka kuigeuza jiko la biashara kama nilivyofanya mimi, na breka, yaani swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi, inamkatia kila akiwasha mashine ya chipsi. Fundi kamwambia dawa ni kufunga breka kubwa zaidi. Mwili ulinisisimka, maana niliambiwa maneno hayo hayo, nikayaamini.

Karavani yangu ilitoka Uingereza. Niliinunua kwa mkopo wa kikoba na akiba ya miaka sita, nikaiegesha Kirumba, Mwanza, karibu na soko la samaki la Mwaloni, nikaanza kuuza sato wa kukaanga na chipsi. Wateja walikuja tangu wiki ya kwanza. Ndani kulikuwa na kisanduku chenye breka mbili: ya ampea 6 kwa taa, na ya ampea 16 kwa soketi zote. Sasa piga hesabu. Umeme wetu ni volti 230. Mashine ya chipsi ya wati 3,000 inavuta ampea 13 peke yake. Ongeza birika la wati 2,000, tayari uko karibu 22. Breka ilikuwa inakata kwa sababu ya maana kabisa, lakini mimi niliiona adui. Fundi akang'oa ile ya 16, akafunga ya 32. Haikukata tena. Nikamlipa, nikamfungia na sato mzima juu.

Jumamosi iliyofuata, foleni imefika barabarani, nikasikia shombo. Soketi inayoungua mara nyingi hunuka kama samaki, na kwenye jiko la sato nani angeshtuka? Nilishtuka nilipoegemea mbao za ukutani nyuma ya friji: zilikuwa za moto kama kikaango. Tulipozibandua, ganda la waya lilikuwa limegeuka kahawia na kugandia kwenye mbao. Waya wenyewe ulikuwa mwembamba, wa milimita za mraba 1.5. Nikarudishia watu hela zao, nikafunga wiki tatu. Fundi hakupokea simu yangu hata mara moja. Hilo bado linaniuma.

Breka hailindi mashine yako, inalinda waya uliojificha ukutani. Ukiweka ya 32 kwenye waya mwembamba, waya utaungua breka ikiwa imetulia tu.

Fundi wa pili, mzee mmoja wa Nyakato, alianza kwa kunionyesha leseni yake ya EWURA, mamlaka inayosimamia mambo ya umeme, kabla sijaiomba. Mashine ya chipsi akaipa laini yake, waya wa milimita za mraba 4 na breka ya 20. Soketi nyingine waya wa 2.5 na breka ya 16. Taa zikabaki na 6. Juu ya zote akafunga RCD ya miliampea 30, inayokata umeme ukivuja, na waya wa ethi akaukaza kwenye chasisi. Breka zote ni za kukata nyaya mbili kwa pamoja, kwa sababu sisi wa barabarani tunachomeka popote, na soketi ya jirani inaweza kuwa imegeuzwa nyaya. Ile plagi ya bluu ya nje, inayoingiza umeme kwenye karavani, nayo ni ya ampea 16, yaani wati 3,680 kwa karavani nzima. Birika nikalihamishia kwenye gesi.

Jamani, tuache kupenda fundi anayetufurahisha. Tunakopa, tunajinyima, halafu tunamkabidhi kila kitu mtu asiyeuliza hata unene wa waya! Mpende yule anayebandua mbao kabla ya kutaja bei. Na ule waya mrefu wa kuvuta umeme kutoka kwa jirani, ukunjue wote. Ukiuacha umejiviringisha kwenye gurudumu lake unachemka.

Dada wa Musoma, usimruhusu huyo fundi aguse breka. Chomoa plagi ya nje, fungua kisanduku, unitumie picha inayoonyesha namba za breka, na nyingine ya maandishi yaliyo kwenye ganda la waya.